Kwa mnaoanza kazi kwenye kipindi cha kupima uzushi: jichungeni na promo

Juzi nimepita chumba cha uhariri kuchukua chaja yangu, nikawakuta vijana wawili wa fildi wamejiinamia mbele ya skrini wanapanga promo, lile tangazo fupi la kipindi kijacho. Sura ya bibi mmoja, macho mekundu, imevutwa karibu mpaka mikunjo inahesabika. Chini yake maandishi: JE, BIBI HUYU NI MCHAWI? USIKOSE JUMAMOSI. Muziki ni ule wa filamu za majini. Wakanigeukia wanatabasamu, wanasubiri pongezi. Nikaweka kikombe cha chai mezani taratibu, maana nilihisi kinakaribia kuruka.

Sikuwagombeza. Sawa, niliwagombeza kidogo. Lakini usiku usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, kwa sababu promo ile naijua vizuri. Niliitengeneza mimi miaka kadhaa iliyopita, ila yangu ilikuwa na mchele badala ya bibi. Nayaandika haya ili wadogo zangu wanaoingia mwezi ujao wafanye makosa mapya, haya ya zamani tumeyachoka.

1. Andika dai kwa sentensi moja kabla hujaomba gari.

"Mganga ana nguvu" si dai, ni wimbo. "Nikifungwa macho nitataja rangi ya kitambaa mara nane kati ya kumi" ndilo dai, kwa sababu linaweza kushindwa. Mwenye dai akubali dai hilo kwa kinywa chake, kamera ikiwa inarekodi, kabla ya jaribio. Ukimuuliza baada ya jaribio atakwambia majini yalikuwa safarini.

Wote mmeshaitazama ile ya 1981 ya James Hydrick, kijana aliyekuwa anageuza kurasa za kitabu cha simu bila kuzigusa, kwenye kipindi cha Bob Barker huko Marekani. James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa anawaumbua matapeli, alikuja na yale mapunje meupe mepesi yanayofungashiwa redio, akayamwaga kuzunguka kitabu. Ukipuliza, yanaruka. Nguvu za akili hazina upepo, kwa hiyo karibu, bwana, endelea na kazi. Hydrick akakitumbulia macho kitabu, dakika zikapita, ukurasa haukutikisika, mwishowe akaanza kuzilaumu taa za studio. Baadaye alikuja kukiri kwamba siku zote alikuwa anapuliza tu. Jaribio zima liligharimu takataka za kwenye boksi, na nyie mnaniandikia bajeti ya droni.

2. Vifaa ni vyako, na visiguswe na mtu.

Mwaka 1973 Uri Geller, aliyedai anapinda vijiko kwa nguvu za akili, alialikwa kwenye kipindi cha Johnny Carson huko Marekani aje avipinde. Carson aliwahi kufanya mazingaombwe ujanani, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Watu wake wakamuuliza Randi, akawaambia walete vijiko vyao wenyewe na wasimruhusu Geller wala watu wake kuvisogelea. Geller alikaa pale zaidi ya dakika 20, hakuna kilichopinda, akasema usiku ule hajisikii kuwa na nguvu.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hamuisimuliagi mkiwa kantini. Geller hakuzama baada ya usiku ule. Jina lake lilizidi kupanda. Watu walisema kama ingekuwa kiini macho, si angefaulu kila siku? Kushindwa kwake kukawa ndio ushahidi. Peter Popoff naye, mhubiri wa televisheni huko Marekani, 1986, Randi na wenzake walinasa masafa ya redio, megahezi 39.17, mke wake anamsomea sikioni majina na magonjwa ya waumini kutoka kwenye kadi za maombi, na yeye jukwaani anasema ameoteshwa. Ikarushwa kitaifa. Mwaka uliofuata akafilisika. Miaka ikapita, akarudi kwenye televisheni na vichupa vya maji ya muujiza. Kwa hiyo anayekwambia "tukimrusha tu hewani kesho anafunga kanisa" hajaifanya kazi hii muda mrefu.

3. Usalama.

Kemikali haisafirishwi kwa bodaboda. Hilo tu.

Ila kwa kuwa mnawapenda MythBusters, wale Wamarekani wa kupima uzushi kwenye TV, ongezeni na hii: Desemba 2011, kule Dublin, California, walifyatua mzinga kwenye uwanja wa polisi wa kulipulia mabomu. Tufe likakosa shabaha, likadunda kilimani, likaingia nyumba ya watu kupitia mlangoni, likatokea ukutani ghorofani, likavuka barabara, likagonga paa la nyumba nyingine na kutua ndani ya gari. Hakuna aliyeumia. Wale walikuwa na wataalamu na askari pembeni. Nyie mna Juma wa taa.

Na sisi tuna yetu. Televisheni ya KTN ya Kenya walionyesha mwaka 2014 jinsi mhubiri alivyogeuza maji ya kuoshea miguu ya waumini kuwa "damu" kwa kemikali iitwayo pamanganeti ya potasiamu, na baadaye tuliamua kurudia jaribio ili watazamaji wetu walione kwa macho. Punje chache kiganjani zinatosha beseni zima. Mtangazaji wetu, ambaye Jumamosi ile alikuwa anasimamia harusi ya mdogo wake, akaingiza mikono yote miwili bila glavu kwa sababu "inaonekana vizuri zaidi". Ngozi hugeuka kahawia na rangi haitoki kwa sabuni. Kwenye picha zote za harusi anaonekana ameficha mikono nyuma kama askari wa gwaride.

4. Promo.

Hapa vutieni viti.

Uvumi wa mchele wa plastiki mnaukumbuka. Mwishoni mwa 2016 forodha ya Nigeria ilikamata magunia zaidi ya 100 ikasema ni plastiki. Maabara ya nchi hiyohiyo yakapima yakakuta ni mchele kabisa, shida yake ilikuwa bakteria. Lakini nani alisambaza majibu ya maabara? Kilichofika huku ni video ya tonge linalodunda.

Nikaomba mada hiyo niifanye mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini, umri ambao mtu anadhani ameshamaliza kujifunza. Tukaenda soko la Tandale, Dar es Salaam, alfajiri, mimi na kameramani, kwa mama mmoja muuza mchele. Alikuwa na vilima vyake vimepangwa kwenye meza ya mbao, kila kilima na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: Kyela, Kamsamba, Shinyanga. Juu yake mwavuli wa rangi ya chungwa wenye kiraka cha bluu. Ukumbukeni huo mwavuli. Akatupimia kilo mbili, akatoza hela yote, kisha akaongeza konzi moja ya nyongeza, na wakati anafunga mfuko akasema, mbele ya kamera, bila kuulizwa:

"Mwanangu, hivi ndoo ya plastiki ya lita ishirini shilingi ngapi? Na kilo ya mchele shilingi ngapi? Sasa mwehu gani huyo atayeyusha ndoo auze mchele?"

Nyuma yake lori likapiga honi. Nikaandika kwenye daftari: sauti mbaya, kata.

Nikaenda kupika. Wali wa Kyela wa moto nikaufinyanga, nikaurusha chini, ukasambaratika. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ukanata kwenye kigae. Ikabidi nipike bokoboko makusudi, niuache kwenye friji usiku kucha, asubuhi niukande kama unga wa chapati. Ndipo ukadunda, vizuri sana, maana wanga ukiiva hunywa maji ukavimba, na ukipoa hunata. Ukiubana sawasawa unapata mpira. Kameramani akaupunguza mwendo, tonge linapaa, linatua, linapaa. Tukapigana viganja. Yale matonge matatu yaliyovunjika hayakuonekana popote.

Kipindi chenyewe kilikuwa kizuri, nakitetea hadi leo. Mwalimu wa kemia alidondosha iodini, wali ukageuka bluu nyeusi palepale, kama lile jani la sekondari mlilochemsha kwenye spiriti. Tukachoma mchele, ukawa mkaa na harufu ya mkate ulioungua. Tukachoma mfuko wa plastiki, ukayeyuka na kudondoka. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Tatizo ni kwamba tuliliweka dakika ya kumi, na kipindi kilikuwa cha dakika kumi na mbili.

Promo niliikata mwenyewe. Sekunde 30. Mkono wa mama unamimina mchele, mwavuli wa chungwa na kiraka chake, tonge linadunda kwa mwendo wa kobe, halafu sauti nzito: "Je, unajua unachokula?" Sauti ile niliiandikia mimi. Nilirudia kuitazama mara kama kumi, peke yangu, nimejipa pongezi.

Ikaanza kwenda hewani Alhamisi. Ijumaa jioni mtu akairekodi kwa simu kutoka kwenye TV yake, akakata mwisho, pale penye "Jumapili saa tatu usiku", akaiweka WhatsApp na maneno: TV WAMETHIBITISHA. Mimi niliipata Jumamosi asubuhi kwenye kundi la familia. Aliyeituma ni mama yangu mzazi, na chini ameandika "Tahadhari wanangu."

Nikamjibu: "Mama, hiyo ni promo yangu."

Akajibu: "Kwa hiyo ni kweli."

Nilijaribu kumweleza. Akaniambia nisiogope kusema ukweli hata kama wakubwa zangu wananikataza.

Jumapili kipindi kikarushwa. Wenzangu walikipenda. Jumanne nikaenda Tandale na maandazi ya kumshukuru mama, mjinga mimi, sijui nilitegemea nini. Vilima vyake vilikuwa vimejaa. Saa tano asubuhi, vimejaa vilevile kama alivyovipanga. Nilisimama pembeni dakika chache kabla hajaniona. Alikuja dada mmoja na mtoto mgongoni, akachukua punje, akazisugua, akaziuma kwa meno ya mbele, akautazama mwavuli, akaondoka. Majirani walikuwa wanauza kama kawaida. Hawakuwa na mwavuli wa chungwa.

Kipindi hakukiona. Saa tatu usiku yeye ameshalala, anaamka saa tisa kwenda kupokea mzigo. Promo aliiona, aliletewa na kijana wa bajaji kwenye simu. Nikaanza kumweleza habari za iodini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashika mzani, akasema, "Basi nunua."

Nikanunua kilo kumi. Kameramani naye akanunua kilo tano, ilhali anaishi peke yake na hajui kupika.

Nikaenda kwa prodyuza, nikalia kidogo, nikapewa sekunde 40 baada ya taarifa ya habari. Mama mwenyewe akazungumza, na safari hii ile hesabu yake ya ndoo tuliiacha, honi na vyote. Hakuna aliyeituma kwenye kundi lolote. Ilimchukua mama yule zaidi ya mwezi wateja wake kurudi, na mwavuli alibadilisha. Bado nanunua mchele kwake. Kila nikifika anauliza kwa sauti, soko zima lisikie: "Nikupimie wa plastiki au wa kawaida?"

Kwa hiyo jibu linakaa ndani ya promo. Si dokezo, jibu lenyewe: "Wali unadunda. Si plastiki. Jumapili tunakuonyesha unadundaje." Prodyuza aliniambia nani atatazama akishajua mwisho. Walitazama, maana mtu akishajua kwamba wali hudunda atataka kujua kwa nini, na wengine wataanza kuudundisha nyumbani kabla ya Jumapili. Na neno SI KWELI likae juu ya picha yenyewe, katikati, kwenye kila fremu ya uzushi, ili anayetaka kulikata akate na picha.

5. Sura.

Tunarudi kwa bibi. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni moshi, miaka hamsini ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Hilo ndilo lililokuwa kwenye skripti yenu, na mmelieleza vizuri kuliko mimi nilivyoeleza wanga. Kwa hiyo nia yenu naijua. Mlitaka kumsafisha.

Lakini ukimwonyesha bibi ili umsafishe umeshamtangaza. Kijiji cha jirani kilikuwa hakimjui, sasa kinamjua kwa sura. Anayeona promo akiwa saluni anaondoka na swali lenu, na jibu linabaki Jumamosi na watu wenye ving'amuzi. Mama wa Tandale alipoteza mwezi wa biashara, na mchele haukatwi mapanga. Na kama hilo halitoshi, Sheria ya Uchawi, ile ya tangu 1928 enzi za Mwingereza, haimwachi hata anayemtuhumu mwenzake. Someni kabla ya mwanasheria wa kituo hajawasomea.

Pigeni picha jiko. Pigeni moshi unavyotoka chini ya paa la nyasi. Pigeni mikono yake akichochea kuni, kama ameridhia, na uliza mara mbili kama ameelewa anachoridhia. Macho mekundu mkiyahitaji sana, njooni mpige yangu baada ya zamu ya usiku.

6. Usimcheke mtu.

Mwaka 2011 shangazi yangu alipanda basi kwenda Loliondo, Samunge, kwa Babu Mwasapila, mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake inaponya, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga cha shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kulala njiani, na wamo waliokwenda na mashangingi ya serikali, kwa hiyo tusijifanye ni habari ya watu wasiosoma. Shangazi ana kisukari tangu mimi niko msingi. Nilipopata kazi hii nikamfuata na mada yangu mkononi, nimejiandaa, nina maswali kumi na manne. Akanipikia chai, akanijibu yote. La mwisho nikamuuliza kama sasa hivi anaona alidanganywa.

"Ulikuwa wapi wewe nilipokuwa nachoma sindano peke yangu?" akasema. "Kwenye foleni tulikuwa tunaulizana hali."

Sikuwa na swali la kumi na tano. Mada hiyo sikuirusha. Sindano zake anachoma mpaka leo, na kikombe anakisifia mpaka leo, na vyote viwili vinakaa kwenye kichwa kimoja bila kugombana. Mkienda kuhoji watu kwa kiburi cha "sisi tunajua", mtarudi na saundbaiti za kuchekesha na hamtakuwa mmeelewa chochote.

7. Msitengeneze mlipuko usiokuwepo.

Brainiac, kipindi cha sayansi cha TV ya Uingereza, walitaka metali zao zinazowaka zikigusa maji zilipue beseni la kuogea. Hazikulipuka kwa kishindo walichokitaka, wakatega baruti. Ilijulikana. Jaribio likipooza, rusha lililopooza. Kumbukeni yale matonge yangu matatu yaliyovunjika: hadi leo naamini yangekuwa sehemu bora ya kipindi kile, kwa sababu mama yangu angeyaona, angejua wali hauruki hovyo, angeelewa.

8. Haya ya mwisho ya harakaharaka, maana naitwa kikaoni.

Betri mbili za maiki, siku zote. Fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya soda, si baada. Mganga akikwambia usipige picha kile kibuyu, usipige. Utapata kingine chenye hadithi ileile. Mtaalamu umhoji ofisini kwake, akija studio anaanza kuongea kama tangazo la benki. Ushahidi usiliwe: tumewahi kupoteza jaribio zima la mayai "ya plastiki" kwa sababu dereva alikuwa na njaa, na kusema kweli huo nao ulikuwa uthibitisho wa aina yake.

Skripti ya bibi naisubiri mezani kwangu kabla ya saa kumi. Bila sura, na jibu liwe kwenye sentensi ya kwanza. Chaja yangu nayo, aliyeichukua airudishe.